Mkono Uliolegea Tangu Leba: Mwongozo wa Mzazi, Mwezi kwa Mwezi

Mtoto mchanga akiwa amelala chali, mlango ukibamizwa, hushtuka. Hutupa mikono yote miwili juu, vidole vikachanua, kisha huirudisha kifuani kana kwamba anakumbatia kitu. Lakini wapo watoto ambao mkono mmoja hufanya hivyo na wa pili hubaki palepale ubavuni, umenyooka, umegeukia ndani, kiganja kimetazama nyuma. Mara nyingi anayeona kwanza si daktari. Ni bibi aliyekuja kumwogesha mjukuu siku ya pili au ya tatu, anayesita na kuuliza: "Mbona mkono huu hauinuki?"

Swali hilo la bibi ndilo mwanzo wa hesabu.

Watoto wengi wenye mkono wa namna hii hupona bila kupasuliwa, na ndiyo maana jibu la haraka katika wodi nyingi ni "subirini, utarudi wenyewe." Jibu hilo ni kweli nusu. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto 20 hadi 30 katika kila 100 hubaki na upungufu fulani mkononi. Kwa wale ambao neva zao haziungi zenyewe, upasuaji una wakati wake: hufaa zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 9. Mtoto akitimiza mwaka bila kuonwa na bingwa, njia hiyo huwa imeanza kufungwa. Mwongozo huu unamsaidia mzazi kujua atazame nini kila mwezi, aende wapi, na aulize nini.

Kilichotokea shingoni

Mkono huendeshwa na ubongo kupitia neva, nyuzi ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu. Neva tano za kila mkono hutoka kwenye uti wa mgongo ubavuni mwa shingo, hupita nyuma ya mtulinga, husukana kama ukili wa mkeka hadi kwapani, kisha huteremka mpaka vidoleni. Madaktari huzitaja kwa herufi na namba: C5, C6, C7, C8 na T1. Mbili za juu huinua bega na kukunja kiwiko. Ya kati husaidia kunyoosha kiwiko na kifundo cha mkono. Mbili za chini huendesha kiganja na vidole.

Wakati wa kuzaliwa, kichwa kinaweza kutoka na bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mama. Shingo ikivutika upande mmoja huku bega limeng'ang'ania, neva hunyooshwa kupita uwezo wake. Hatari huongezeka mtoto akizidi kilo 4, mama akiwa na kisukari, kifaa cha kuvuta kichwa kikitumika, au mtoto akitanguliza matako. Hata hivyo wapo watoto wa uzito wa kawaida, na wachache waliozaliwa kwa upasuaji, wanaopata jeraha hilohilo. Katika nchi nyingi zilizolihesabu, hutokea kwa mtoto 1 hadi 3 kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Si laana, si jicho la jirani, wala si adhabu ya mama aliyesukuma vibaya.

Kinachoamua hatima ya mkono ni kina cha jeraha. Neva iliyovutwa bila kukatika huamka yenyewe baada ya wiki au miezi michache. Iliyochanika ndani kwa ndani huota tena, ila huota katikati ya kovu, na kovu hilo hufanya fundo ambalo baadhi ya nyuzi hushindwa kulipenya. Iliyokatika kabisa haiungi bila mkono wa mpasuaji. Na iliyong'oka kwenye uti wa mgongo ni kama mche uliong'olewa shambani na mizizi yake: huwezi kuurudisha kwa kuufunga kamba. Mtoto mmoja anaweza kuwa na neva iliyovutwa, iliyokatika na iliyong'oka, zote katika shingo moja.

Mzazi akiona neno "Erb" kwenye kadi ya mtoto, hilo ni jina la daktari Mjerumani, Wilhelm Erb, aliyeeleza jeraha la neva za juu mwaka 1874. "Klumpke" ni Augusta Klumpke, aliyeeleza jeraha la neva za chini mwaka 1885 alipokuwa mwanafunzi wa udaktari huko Paris.

Mtoto wa kifalme aliyezaliwa kabla ya tiba kupatikana

Mgonjwa maarufu kuliko wote wa jeraha hili aliwahi kutawala sehemu ya nchi zetu. Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani kuanzia 1888 hadi 1918, ambaye jina lake lilitajwa katika kila boma la Wajerumani kuanzia Bagamoyo hadi Bukoba na hadi Rwanda na Burundi, alizaliwa Berlin tarehe 27 Januari 1859 akiwa ametanguliza matako. Siku chache baadaye iligunduliwa kwamba mkono wake wa kushoto hausogei.

Familia ilikuwa na fedha na madaktari wakubwa wa zama zile. Walimvisha mkono nyama ya sungura aliyechinjwa punde, ili joto la mnyama liamshe misuli. Walimpitishia umeme. Walimfunga mkono mzima wa kulia ili alazimike kuutumia wa kushoto. Hakuna kilichosaidia. Alikua na mkono mfupi kuliko mwenzake kwa takriban sentimita 15, na ukitazama picha zake utaona kila mara mkono wa kushoto umewekwa juu ya upanga, umeshika glovu, au umefichwa.

Kilichokosekana hakikuwa upendo wala pesa. Upasuaji wa neva hizi kwa watoto ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1903, na daktari Robert Kennedy wa Glasgow. Baadaye ukaachwa kwa miongo kadhaa kwa sababu ya hatari za usingizi na matokeo dhaifu, hadi miaka ya 1970 hadubini za upasuaji zilipowawezesha madaktari kushona uzi mwembamba wa neva kwa uhakika. Mtoto anayezaliwa leo Tanga au Kisumu ana nafasi ambayo mtoto yule wa ikulu hakuwa nayo, iwapo atafikishwa kwa wakati.

Wiki nne za mwanzo

Kwanza andika tarehe. Kwenye kadi ya kliniki, au kijitabu cha mama na mtoto kwa walioko Kenya, iandikwe siku ambayo mkono ulionekana haufanyi kazi, ni mkono upi, na viungo gani vinasogea: bega, kiwiko, kifundo, vidole. Muuguzi asipoandika, mwombe aandike. Maandishi hayo yatasomwa na kila daktari kwa miezi mingi ijayo.

Pili, mtoto apigwe picha ya eksirei. Mtulinga au mfupa wa mkono ukivunjika wakati wa kuzaliwa, mtoto hataki kuusogeza kwa maumivu, na hali hiyo hufanana sana na kupooza. Mifupa hiyo huunga haraka. Na kama mkono ulikuwa ukicheza vizuri siku za mwanzo kisha ukaacha, huku mtoto ana homa au analia akiguswa, huenda ni usaha kwenye mfupa au kiungo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tatu, tazama jicho. Kama kope la upande wa mkono uliolegea limeshuka na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko mwenzake, mwambie daktari mara moja. Ni ishara kwamba neva za chini huenda zimeng'oka kwenye uti wa mgongo, na mtoto wa namna hiyo hasubirishwi. Vivyo hivyo mtoto anayepumua kwa shida, kwa kuwa neva ya msuli wa kupumulia hutoka shingoni karibu na hizo.

Nyumbani, mkono huo haupaswi kuning'inia. Mtoto abebwe ukiwa umelala kifuani mwake, na akiwekwa kwenye mbeleko usibaki unabembea nje. Wakati wa kumvisha, mkono dhaifu huingia kwanza kwenye nguo. Wakati wa kumvua, hutoka mwisho. Asiinuliwe kwa kushikwa kwapani wala kwa kuvutwa mikono. Ngozi ya mkono huo inaweza kuwa na ganzi, hivyo kuukanda kwa maji ya moto kunaweza kumuunguza bila yeye kulia. Kuna watoto wanaotafuna vidole vya mkono wenye ganzi mpaka vikatoka damu. Ukiona alama za meno au vidonda, funika vidole na umwonyeshe daktari.

Wazee waliozoea kuwanyoosha watoto viungo wana nia njema, lakini neva iliyojeruhiwa haivutwi. Chale nazo huleta vidonda tu.

Mazoezi huanza baada ya mapumziko ya wiki moja hadi tatu, kadiri mtaalamu wa mazoezi tiba atakavyoelekeza. La muhimu kuliko yote ni moja. Mlaze mtoto chali, kiwiko chake kikiwa kimegusa ubavu na kimekunjwa kama pembe ya meza. Shikilia bega kwa mkono mmoja lisiinuke. Kwa mkono wa pili peleka kigasha chake nje taratibu, kama mlango unaofunguka, hadi uhisi kinakaza. Subiri kidogo, rudisha. Fanya hivyo mara chache kila unapombadilisha nepi. Zoezi hili haliamshi neva. Linazuia bega lisikakamae kwa ndani, maana bega lililokakamaa huharibu kiungo hata kama neva zitarudi baadaye.

Ikifika wiki ya nne na bado mtoto hakunji kiwiko au hainui bega, omba rufaa. Rufaa haina maana kwamba atapasuliwa. Ina maana kwamba jina lake limeingia kwenye daftari la bingwa kabla ya mwezi wa 3.

Mwezi wa 3: mtazame kiwiko

Kuna msuli mmoja unaobeba habari ya shingo nzima: ule wa mbele ya mkono, unaovimba mtu anapokunja kiwiko. Mwaka 1984 Alain Gilbert na Jean-Louis Tassin wa Ufaransa walichapisha waliyoyaona kwa watoto waliowafuatilia: ambao msuli huo haukuwa umeanza kufanya kazi kufikia mwezi wa 3 walibaki na mikono dhaifu zaidi. Toka hapo, mwezi wa 3 umekuwa kituo cha ukaguzi duniani kote.

Mzazi anaweza kuukagua mwenyewe. Mweke mtoto mapajani, ameegemea nusu kuketi, bila shati. Shika kwa upole kiganja cha mkono mzima. Mwonyeshe kijiko kinachong'aa mbele ya kifua, upande wa mkono dhaifu. Sasa tazama kiwiko tu. Je, kinajikunja na kupandisha kiganja kuelekea mdomoni? Watoto wana ujanja: hurusha bega au kupinda mwili mzima ili mkono uyumbe, na mzazi mwenye hamu husema umeinuka. Weka kidole chako juu ya msuli wa mbele ya mkono. Ukijikaza, utausikia chini ya ngozi.

Mpige video kwa simu. Dakika mbili zinatosha, mikono yote miwili ionekane, kila mwezi tarehe ileile. Daktari mwenye foleni ya watu 60 humwona mtoto kwa dakika chache, na pengine saa hiyo amelala au analia. Video tatu za miezi mitatu zitamwonyesha mkono unavyokwenda kuliko maelezo ya mdomo.

Majibu ya mwezi wa 3 ni ya namna tatu. Kiwiko kinajikunja vizuri na bega linainuka: endelea na mazoezi na kliniki, upasuaji wa neva hauhitajiki. Mkono mzima umelegea mpaka vidoleni, au kope limeshuka: wapasuaji wengi hukubaliana kwamba afanyiwe upasuaji mapema, karibu na mwezi huo wa 3. Kiganja kinafanya kazi lakini kiwiko na bega bado ni dhaifu: hapa mabingwa hutofautiana.

Mwezi wa 6 hadi wa 9: jaribio la biskuti

Kwa kundi hilo la tatu, baadhi ya hospitali hupasua mwezi wa 3 hadi wa 6. Nyingine huendelea kupima. Hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, ndiyo iliyoeneza jaribio linalofanywa mwezi wa 9 kwa kitu kilichomo katika kila duka la mtaani.

Mtoto huketi. Mpimaji hushikilia sehemu ya juu ya mkono dhaifu iwe ubavuni, isiinuke. Mtoto hupewa biskuti ndogo kiganjani. Akiifikisha mdomoni kwa kukunja kiwiko, bila kuinamisha kichwa zaidi ya nyuzi 45, amefaulu. Akiishusha shingo kuifuata biskuti, hajafaulu, na upasuaji hujadiliwa bila kuchelewa zaidi.

Katika miezi hii mzazi anaweza kuambiwa alipie vipimo vya mashine. Kipimo cha MRI husaidia kuona kama neva imeng'oka kwenye uti wa mgongo. Kipimo cha umeme wa misuli, kwa watoto wachanga, mara nyingi huonyesha matumaini makubwa kuliko hali halisi. Ultrasaundi ya bega haina gharama kubwa kama MRI na huonyesha kama kiungo kimeanza kuhama. Hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya kumtazama mtoto akisogeza mkono mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo familia isiyomudu MRI isikate tamaa wala isiache kwenda kliniki.

Wapi pa kwenda? Tanzania, rufaa hupitia hospitali ya mkoa. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, na hospitali ya CCBRT ziko Dar es Salaam. Kwa kanda ya kaskazini iko KCMC, Moshi. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, inayoshughulikia mifupa na viungo vya watoto. Uganda kuna CoRSU, kando ya barabara ya Entebbe. Si kila penye bingwa wa mifupa pana mpasuaji wa neva anayetumia hadubini, na madaktari huhama. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi, piga simu na uulize kama kwa sasa yupo anayewafanyia watoto upasuaji wa neva za bega, na siku za kliniki yake.

Mbele ya daktari, uliza haya bila aibu:

- Neva zipi zimeumia, na je, kuna dalili kwamba imeng'oka hata moja?
- Mpango ni kupandikiza neva, kuhamisha neva, au vyote viwili?
- Ni watoto wangapi umewahi kuwafanyia upasuaji huu, na walifikia wapi?
- Gharama yote ni kiasi gani pamoja na mazoezi tiba, na bima hulipa sehemu ipi?
- Tukisubiri mwezi mmoja zaidi, mtoto atapoteza nini?

Siku ya upasuaji

Mtoto hufikishwa hospitali akiwa na afya. Akiwa na homa, malaria, kikohozi au upungufu wa damu, siku husogezwa mbele, na kusogezwa huko ni kwa usalama wake. Tumbo lazima liwe tupu ili asitapike akiwa usingizini: kwa kawaida maziwa ya mama husimamishwa saa 4 kabla, maziwa mengine na uji saa 6 kabla. Mama afuate saa atakazopewa na hospitali yake. Mtoto akilia njaa alfajiri hiyo, ndugu yeyote asimpe kijiko cha uji kwa huruma, kwa sababu kijiko hicho kinaweza kumziba pumzi.

Katika chumba cha upasuaji, baada ya dawa ya usingizi, mpasuaji hufungua ngozi juu ya mtulinga, ubavuni mwa shingo. Huzitafuta neva moja baada ya nyingine na kuzipima kwa umeme mdogo: ipi inapitisha ishara na ipi imekufa. Akikuta fundo la kovu, hulikata mpaka aone ncha zenye afya, na hapo hubaki pengo la sentimita kadhaa. Pengo hilo hujazwa na neva kutoka kwenye mguu wa mtoto mwenyewe, ile ipitayo nyuma ya shavu la mguu, kazi yake ikiwa ni kuhisi tu na wala si kusogeza. Hukatwa vipande, hupangwa sambamba, na hushonwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mtoto hatachechemea kwa sababu ya neva hiyo; atabaki na sehemu ndogo yenye ganzi kando ya wayo.

Pale neva ilipong'oka, hakuna ncha ya kushonea. Hapo hutumika njia ya pili, kuhamisha neva: neva inayofanya kazi nyingine huazimwa. Ile inayopandisha mabega huelekezwa kwenye msuli unaogeuza bega nje. Neva za katikati ya mbavu huweza kupelekwa kwenye msuli wa kukunja kiwiko. Mwaka 1994 Christophe Oberlin wa Ufaransa alieleza mbinu ya kuchukua nyuzi chache kutoka kwenye neva ya kiganja na kuziunganisha na tawi la msuli huo wa kiwiko, palepale kwenye mkono wa juu. Kiganja hakipungukiwi, na kwa kuwa safari ya neva ni fupi, msuli huamka mapema zaidi.

Kazi hii huchukua saa nyingi, mara nyingine nusu siku nzima. Mzazi aliyeketi kwenye benchi asidhani kila saa inayopita ni habari mbaya. Hatari zipo na daktari ataje zote kabla ya kusainiwa fomu: usingizi wenyewe, damu, maambukizi, kuumia kwa neva ya kupumulia au utando wa pafu, na uwezekano kwamba neva iliyopandikizwa haitashika.

Baada ya kushonwa

Siku za kwanza mtoto hunyonya mara tu anapoamka vizuri, na hurudi nyumbani baada ya siku chache. Mkono hufungwa kifuani kwa muda wa wiki 3 hivi ili mishono isivutike. Katika wiki hizo hakuna zoezi la bega. Kidonda kikivuja usaha, mtoto akipata homa au akipumua kwa haraka, arudishwe hospitali bila kungoja siku ya kliniki.

Kisha linakuja jambo linalowavunja moyo wazazi wengi: hakuna kinachobadilika. Mkono ukifunguliwa umelegea kama ulivyokuwa, na mara nyingine zaidi. Neva iliyoshonwa hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi msuli wa kiwiko ni safari ya miezi, na hadi kiganjani ni ndefu zaidi. Dalili za kwanza za kiwiko huweza kuonekana baada ya nusu mwaka hivi, na mkono huendelea kuimarika kwa miaka 2 hadi 3. Wapo wanaoacha mazoezi mwezi wa nne wakisema upasuaji umeshindwa, na kumbe neva iko njiani. Msuli ukifikiwa na neva, bega likawa tayari limekakamaa, kazi yote ya hadubini hupotea.

Kwa hiyo mazoezi yaleyale ya mlango unaofunguka hurudi, mara kadhaa kwa siku. Michezo nayo ni tiba: kikombe cha plastiki kipigwe upande wa mkono dhaifu, mpira uwe mkubwa wa kuhitaji mikono miwili, embe limenywe kwa mikono yote. Mtoto aliyeishi bila mkono kwa miezi sita hujifunza kuusahau, na ni lazima akumbushwe kwamba anao.

Mzazi aambiwe ukweli pia kuhusu kikomo. Upasuaji huu hauzalishi mkono mpya. Lengo lake ni kiganja kinachoshika, kiwiko kinachojikunja na bega linaloinuka kiasi cha mtoto kula, kuvaa, kuchana nywele na kubeba daftari. Mkono huo unaweza kubaki mfupi kidogo na mwembamba kuliko mwenzake.

Aliyefika akiwa na miaka mitatu

Wengi hufika wamechelewa, na hawa hawarudishwi mlangoni. Kufufua neva kunaweza kuwa kumepitwa na wakati, lakini bega na kiwiko bado hutibika kwa njia nyingine. Bega lililovutwa ndani linaweza kulegezwa kwa sindano za sumu ya botulini kwenye misuli iliyokaza, au kwa kukata sehemu iliyokakamaa. Kano za misuli yenye nguvu ya nyuma ya kwapa huweza kuhamishwa ili zigeuze bega nje na kuinua mkono, kazi inayofanywa mara nyingi kati ya miaka 2 na 6. Kwa mtoto mkubwa ambaye kiungo cha bega kimeshaharibika umbo, mfupa wa mkono wa juu hukatwa na kugeuzwa ili kiganja kiweze kufika mdomoni na kichwani.

Shule nayo ihusishwe. Mwalimu akijua, hatamlazimisha mtoto kuandika kwa mkono usioweza, wala kumwita mvivu anapochelewa kufunga vifungo.

Mimba inayofuata

Mama aliyezaa mtoto mwenye jeraha hili amweleze mkunga katika hudhurio la kwanza la mimba nyingine. Apimwe sukari, uzito wa mtoto ufuatiliwe, na mpango wa kuzaa ujadiliwe mapema katika hospitali yenye uwezo wa upasuaji.

Kwa upande wa watoa huduma, mazoezi ya pamoja ya bega lililokwama huokoa mikono. Katika hospitali ya Southmead, Bristol, Uingereza, wakunga na madaktari walifundishwa kila mwaka hatua za kufuata: kukunja mapaja ya mama kuelekea tumboni, kusukuma juu ya kinena, na kutovuta kichwa kwa nguvu. Watoto walioumia baada ya bega kukwama walipungua kutoka asilimia 9.3 hadi 2.3. Miaka 12 baada ya mafunzo hayo kuanza, hakukuwa na mtoto aliyebaki na ulemavu wa kudumu wa neva hizi. Hatua zenyewe hazihitaji mashine. Zinahitaji sanamu ya kufundishia, mkufunzi na nusu siku, na waganga wakuu wa wilaya zetu wanaweza kulipanga hilo mwaka huu.

Na wewe mwenye mtoto wa aina hii nyumbani, chukua kadi yake sasa hivi na uhesabu wiki alizonazo. Kama ameshavuka ya nne na kiwiko bado hakijikunji, kesho asubuhi nenda kituoni ukaombe rufaa.